Gitaa Linalosikia

Ikungi,
Jumapili, 14 Januari 2024

Kaka Emilian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Magreth. Sisi hapa ni wazima. Mvua ilichelewa lakini wiki hii imenyesha, alizeti ya shamba la chini imeota, ya juu tumepanda upya. Matokeo ya fomu foo bado. Witness, yule rafiki yangu anayeuza maji stendi, anakusalimu. Ndiye atakayempa kondakta barua hii, na majibu uyatume kwake, usitume nyumbani. Simu ya mama, baba anaisoma. Yangu ameifungia kabatini tangu Krismasi.

Boksi la gitaa ulilonitumia lilifika salama. Baba alilifungua mwenyewe mbele ya wageni wa kanisani, akatoa mwili wa mbao, shingo, sumaku mbili za kunasa sauti ya nyuzi, mfuko wa skrubu, akavipanga mezani kama mtu anayechinja kuku. Akasema, "Huyu hata salamu anaviambia viatu vyake, leo ataunda gitaa la umeme?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini ameruhusu. Amemwambia mchungaji kwamba litakuwa la kwaya, na spika ya kwaya si inakaa kwetu tangu stoo ya kanisa ianze kuvuja, basi nitajaribia hapo hapo.

Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza ambacho mwalimu wetu angekiwekea kosa kila mstari. Naelewa lakini. Nimeanza na msasa.

Sasa kaka. Nimeandika juu kwamba sisi ni wazima na nimeiacha kwa sababu barua huanza hivyo. Tarehe mbili baba alimpiga mama kwa mkanda wa mashine ya kukamua alizeti, ule mpana. Kosa lake ni kwamba alicheka. Kijana wa kusoma mita alisema kitu cha kuchekesha, mama akacheka, baba akangoja kijana atoke getini. Alimpiga kuanzia mlangoni hadi jikoni. Mkanda wa mwisho ulimzunguka kichwani. Tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halisikii, ukimwita upande ule hageuki.

Mimi nilikuwa uani na msasa wangu. Niliendelea kupiga msasa. Nilipiga hadi nikala kona moja ya mbao, na nilipoacha damu ya vidole vyangu ilikuwa imeingia kwenye mbao ile nyeupe. Haitoki.

Naomba mama aje kwako. Hata mwezi mmoja. Nijibu hilo kwanza, gitaa baadaye.

Mdogo wako,
Luciana


Kahama,
9 Februari 2024

Mdogo wangu Lusi,

Marahaba sana. Sisi hatujambo. Matokeo nimeyaona mtandaoni, hongera kwa division two! Wifi yako aliposikia alipiga vigelegele peke yake chumbani hadi majirani wakadhani amejifungua. Kazi za redio na TV zipo, umeme tu ndio unatuchezea.

Kona uliyoila usijali. Kusanya unga wa mbao uliotoka kwenye msasa, uchanganye na gundi nyeupe, jaza, acha siku mbili, piga msasa tena. Doa la damu lipakie rangi nyeusi ukishindwa kulitoa. Ukifika kwenye nyaya, chomelea haraka, risasi ya kuchomelea isikae kwenye moto ikaungua. Na usisahau waya wa ethi, ule wa kuondoa mngurumo. Kuna waya mmoja lazima utoke kwenye sehemu za nyuma za vile vifungo vya sauti uende hadi chini ya daraja la nyuzi, ugusane na chuma. Wengi wanausahau.

Samahani kwa mwandiko. Nilikatwa na kioo cha TV ya mteja, kiganja cha kulia na vidole viwili vimefungwa. Ndiyo sababu nimechelewa.

Mengine uliyoandika nimeyasoma. Baba ni baba. Nikija tutaongea.

Kaka yako,
Emilian


Ikungi,
Jumapili, 3 Machi 2024

Kaka Emilian,

Shikamoo. Pole sana kwa mkono. Mama anakusalimu, anauliza kama wifi anakukanda na maji ya moto. Alizeti imeanza kutoa vichwa. Kuku wetu saba wamekufa kideri, wamebaki wanne.

Umesema ukija tutaongea. Hujaja tangu mwaka juzi.

Gitaa limesimama. Ulinionya kuhusu waya wa ethi na bado nikausahau. Nilipoliunganisha kwenye spika lilinguruma, nikigusa chuma cha tundu la waya linanyamaza, nikiachia linanguruma. Nikalifungua lote, nikatoboa, nikapitisha waya chini ya daraja. Likanyamaza. Nikakohoa. Spika nayo ikakohoa.

Nilidhani kuna mtu. Nikainama juu ya zile sumaku nikasema, "Luciana Mathayo Mughenyi." Spika kwenye kona ya pili ikalisema jina langu, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa, lakini kwa sauti kubwa. Darasani walikuwa wananiambia nirudie kila jibu, unakumbuka. Sijawahi kujisikia nikiwa na sauti ya kufika ukutani. Nikaligonga kwa kucha, spika ikagonga. Nikagonga meza tu, spika ikagonga pia. Mbona karatasi haikusema?

Jumatano mchana lilikuwa juu ya meza ya sebuleni, sauti chini kabisa. Baba aliingia anatafuta ufunguo wa mashine. Mama alikuwa amegeuza sikio bovu, hakusikia anaulizwa. Baba akamshika kisogo akampigiza uso mezani. Akauliza tena. Akampigiza tena. Mara nne. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe, aliusikia ukilia alipoinama. Alicheka, kaka. Akasema, "Si ungeniambia." Akaenda kazini.

Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na spika. Kila kichwa cha mama kilipogonga, ndani ya spika kiligonga pia, dum, taratibu, karibu na goti langu.

Mzee Leonard wa jirani alikuwa anaziba pancha ya baiskeli, hatua kumi kutoka dirishani. Kesho yake ananisalimia, "Hamjambo humo? Mbona kwenu kimya hivyo?" Ni yeye huyo huyo aliyekuwepo Desemba, baba wakubwa walipokaa kikao cha ukoo juu ya baba na mama. Waliuliza nani amesikia lolote. Majirani mmoja mmoja wakasema hawajasikia. Mimi mtoto sikuulizwa, na ningeulizwa ningetazama viatu. Kikao kikaisha kwa pilau.

Kwa Kiingereza naweza kuandika jambo hili kama sentensi ya mtihani, bila kufuta neno. Kwa Kiswahili nimechana karatasi mbili.

Nauliza mara ya pili. Mama aje kwako?

Luciana


Kahama,
28 Machi 2024

Lusi,

Marahaba. Heri ya Pasaka mapema. Mkono unapona. Wifi yako amekwenda kwao Ulemo kumuuguza mama yake, kwa hiyo nakula mihogo ya kukaanga kama bachela.

Gitaa linalosikia maneno ni gitaa bovu. Usilifurahie. Waya wa zile sumaku umezungushwa bila kushikizwa, unacheza, ndiyo maana unanasa kila kitu. Kanisani wakiongeza sauti litapiga mluzi hadi watu wazibe masikio. Dawa yake ni nta. Chukua nta ya nyuki, hapo Ikungi huwezi kukosa, changanya na mishumaa kidogo, yeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo kwenye moto wenyewe. Tumbukiza sumaku, ngoja mapovu yaishe, toa, pangusa. Baada ya hapo litasikia nyuzi tu. Fanya hivyo kabla hujalipeleka mbele ya watu. Nakuagiza.

Kuhusu mama, chumba chetu ni kimoja. Na baba akijua yuko kwangu itakuwa vita. Mwambie asimjibu anapokuwa na hasira.

E.


Ikungi,
Jumatano, 24 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama amevunjika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Amefungwa plasta. Hizo ndizo habari za nyumbani, za kuku sina.

Nta nilinunua. Niliiyeyusha Jumamosi kama ulivyoagiza, ikanuka nyumba nzima vizuri. Nikazishika zile sumaku juu ya kopo. Nikazirudisha kwenye gitaa zikiwa kavu, bila nta. Hilo ni la kwanza ninalotaka kulikiri.

Jumapili baada ya ibada baba aliwaalika wazee wa kanisa na kwaya nzima waje wasikie gitaa alilosema ametengenezesha. Watu kama arobaini, kwenye mabenchi uani. Spika tuliitoa nje chini ya kibaraza, waya ukapita dirishani. Gitaa lilibaki ndani, mezani, limewashwa. Mimi nilikaa nje kwenye spika kwa sababu mwanzoni ndani kulikuwa na wageni wa kusalimia, hadi wote walipotoka kuja kukaa uani.

Wali ulishika chini. Baba alisikia harufu, akaniambia kwa sauti ya upole, "Mama yako yuko wapi?" Akaingia. Akafunga mlango, akafunga na dirisha kadiri waya ulivyoruhusu. Wewe unajua anavyofanya kukiwa na wageni, anampiga kimya kimya, mkono mmoja mdomoni mwake.

Spika ikaanza kupumua.

Wa karibu waligeuka. Hawakuelewa. Mimi nilielewa. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua sita. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha sauti. Kaka, sikwenda mlangoni. Niliongeza sauti. Hilo ni la pili.

Uani pote wakasikia baba akisema, "Ukilia nitakuua. Watu wako nje." Wakasikia meza. Nikaongeza tena, nikafika mwisho. Wakasikia makofi, mkanda, mama akisema "baba Emilian, baba Emilian," kama anamwita mtu aliye mbali. Kisha kitu kikavunjika, sauti ndogo, kama kuni mbichi. Mama alilia baada ya hapo. Nilijua ni mfupa kabla yeye hajalia, na mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitufe.

Hakuna aliyesimama. Mzee mmoja wa kwaya aliitazama soda yake kama ameambiwa asome maandishi. Mzee Leonard alikuwepo pia, mstari wa mbele. Nikamtazama machoni, mara ya kwanza maishani mwangu. Akatazama viatu vyake.

Aliyesimama mwishowe ni mama yake Witness. Alipiga mlango kwa bega hadi kitasa kikang'oka. Baba akatoka, mkanda mkononi, anahema, na spika nayo inahema pumzi za mama. Alisimama pale. Akaisikia. Akawatazama wote arobaini, akasema, "Kumbe mlikuwa mnasikia?"

Akaipiga spika teke hadi ikapasuka. Mimi alinipiga mara moja tu, ngumi, jino limelegea lakini halijatoka. Watu walimshika hapo. Mimi waliniona kwa macho, siyo mama.

Jana wazee wa kanisa walikaa. Nilidhani wanakaa juu ya mama. Ajenda ilikuwa spika. Nimesimamishwa kwaya miezi sita kwa kutumia chombo cha ibada kumdhalilisha mzazi. Baba atanunua spika mpya, wakampigia makofi.

Nesi alimpa mama fomu ya polisi. Ameikunja, ameiweka kwenye pindo la kanga. Baba amelala kwa kaka yake siku tatu, anarudi Jumapili. Sisi tunaondoka Jumamosi asubuhi. Sikuulizi tena. Tunakuja Kahama.

Luciana


Kahama,
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Lusi,

Nimempa kondakta wa asubuhi barua hii, nimemwomba aikimbize.

Msije.

Sababu siyo chumba. Magreth hakwenda kuuguza mtu. Mama yake ni mzima. Barua yako ya kwanza, ya Januari, ilinifikia tarehe kumi na sita. Niliisoma nimesimama. Niliposoma ya sikio nilitaka kupanda basi usiku huo nikamuue baba. Magreth akasema, "Kaa kwanza ule." Maneno hayo tu. Nilikuwa na hasira ya kupigwa kwa mama mikononi na hakukuwa na mwingine chumbani.

Kioo hakikuwa cha TV. Ni kioo cha kabati letu, na kichwa chake kilikuwa kati ya mkono wangu na kioo. Vigelegele nilivyokuandikia havikuwepo. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Alikaa hadi Machi kidonda kipone, siku moja nikarudi kazini nikakuta ameondoka.

Ilikuwa mara moja tu, Lusi. Nakuapia kwa jina la mama. Mimi siyo baba.

Lakini msije. Mama akiingia hapa ataona kabati, atajua. Naomba usimwambie. Mpeleke kwa dada yake, mpeleke popote, mimi nitakuwa natuma matumizi.

Choma barua hii.

Emilian


Ulemo,
Jumapili, 19 Mei 2024

Kaka Emilian,

Mama anaendelea vizuri. Plasta itatolewa mwezi ujao. Huku mtama umekomaa, tunashinda tukifukuza ndege, mimi na wifi, kila mmoja na kopo lake la mawe.

Barua yako Witness alinipa stendi Jumamosi, tukiwa na mabegi na gitaa nimelifunga kwenye gunia la alizeti. Niliisoma pembeni. Mama akauliza, "Anasemaje?" Nilijaribu. Wewe unajua mdomo wangu. Nikampa aisome mwenyewe. Uliniambia nisimwambie, na sikumwambia.

Aliisoma amesimama, ameishikilia kwa mkono mmoja na kidevu. Basi la Kahama likaja, kondakta akaita Kahama, Kahama, mama hakupanda. Aliikunja akaiweka pamoja na ile fomu ya polisi. Akasema, "Twende Ulemo."

Nikamwambia, "Mama, ni ukweni kwa kaka. Huwezi kwenda kulala ukweni. Watatuonaje?"

"Watatuona tumepigwa na mkono mmoja, mimi na binti yao."

Hajalia tena baada ya hapo.

Tulifika jioni. Baba yake Magreth alipoona ni mama mkwe wa binti yake, na plasta, na uso ule, alisimama akaingia ndani kwa heshima, hakujua pa kukaa. Mama hakungoja kukaribishwa. Alipita jikoni, akamkuta Magreth anachambua mboga. Magreth ana alama kutoka kwenye nywele hadi kwenye nyusi, na jicho la upande huo halifungi vizuri. Mama alimshika uso kwa ule mkono mzima. "Nilimzaa mimi," akasema. Magreth akajibu, "Shikamoo mama," akamsogezea kigoda. Mpaka leo wanakula sahani moja.

Gitaa nimeliziba nta. Nilikuwa na sababu ya kuliacha wazi, sasa sina. Linapiga vizuri, ule uzi wa kwanza tu ndio unapanda sauti. Magreth anajifunza kushika kodi mbili za gitaa.

Sasa maneno niliyotumwa. Wazee wa hapa wameweka kikao Jumamosi tarehe nane Juni. Baba amepelekewa ujumbe aje kumfuata mke wake, na wewe uje kumfuata wako. Wamesema hawataandaa vikao viwili, mtakaa benchi moja, wewe na baba, na mtaulizwa maswali yale yale. Mimi nimetajwa kama shahidi. Nimekubali. Niliwaambia kwa mdomo, mara ya kwanza hawakusikia, nikarudia.

Ile fomu haingoji kikao. Jumatatu mama anaipeleka polisi Kiomboi. Magreth anakwenda naye, na yeye ana ya kwake ya kueleza. Usije kusema hukuambiwa.

Na jambo moja. Asubuhi nilikwenda zizini na mama mkwe wako kukamua. Kulikuwa na mbuzi majike wawili wamefungwa peke yao, nikauliza kwa nini. Akasema, "Hao ni wa kaka yako. Faini. Huyu alimleta mwaka juzi baada ya mavuno, alipomvunja binti yangu ubavu. Huyu mweusi alimleta mwaka jana." Yule wa kwanza ameshazaa mara mbili.

Kwa hiyo tarehe nane usije na mbuzi, hawatampokea. Na ukisimama kusema, usianze na mara moja tu. Anza na ubavu.

Luciana